Namaste na Adab ni Salamu za Nani?

Mfalme Akbar, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi kuanzia 1556 hadi 1605, alikuwa na maelezo yake kuhusu asili ya salamu ya kasri lake. Mwandishi wake, Abul Fazl, aliyaweka kwenye Ain-i-Akbari, kitabu cha taratibu za dola. Akbar alipokuwa mtoto, baba yake Humayun alimtunuku kofia yake mwenyewe. Kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto! Ikambidi aishikilie kwa mkono huku akiinama kushukuru. Baba akapendezwa na umbo lile, na tangu hapo ikawa ndiyo namna ya kumsalimu mfalme.

Nakipenda kisa hiki, ingawa sikiamini sana. Ukoo wa Akbar ulitoka Asia ya Kati, ukakulia katika adabu za Kiajemi, na kuinama mbele ya sultani hakukungoja kofia kubwa. Ila kinatuonyesha kwamba zaidi ya miaka 400 iliyopita watu wa huko walikuwa tayari wanasimuliana salamu zao zimetoka wapi. Leo wanaulizana kwa ukali zaidi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Wapo wasemao kwamba namaste, yaani kukutanisha viganja mbele ya kifua, ni mali ya Wahindu, wale ambao wazee wetu wa pwani waliwaita Mabaniani. Adab, yaani kuinua mkono wa kulia hadi karibu na paji la uso, husemwa ni ya Waislamu. Mgawanyo huu ni mwepesi kuukariri, na ndiyo hatari yake.

Nilisoma Hyderabad, India, nikapanga chumba mji wa kale, si mbali na jengo la Charminar, kwa mjane mmoja wa Kiislamu ambaye wapangaji sote tulimwita Khala. Ghorofa ya chini alikaa mzee wa Kihindu, mhasibu mstaafu wa jamii ya Kayastha, watu waliofanya ukarani kwa watawala wa Kiislamu vizazi kwa vizazi. Kila alipopanda kuja kuazima gazeti alivua ndara zake mlangoni, akainamisha shingo kidogo, akainua mkono wa kulia, kiganja kikimwelekea mwenyewe, vidole vimekunjwa kama anayeteka maji, mpaka ncha zikaribie kipaji. "Adab arz hai, Apa," yaani nakutolea heshima, dada. Khala akaitikia kwa mkono uleule, kisha akamkaribisha chai.

Mtoto wa kiume wa Khala hakuipenda salamu hiyo. Alisema Mtume hakuifundisha, Mwislamu atoe assalaam aleikum na yatosha. Mjukuu wa mzee naye alimcheka babu yake kwa kuamkia "Kiislamu". Vijana wawili, dini mbili, na wote wawili wameikana adab!

Wazee waliijua thamani yake. Adab haitaji jina la Mungu yeyote, hivyo watu wa dini mbalimbali waliweza kuamkiana barazani bila mmoja wao kuona ameteleza kiimani. Ilipambwa zaidi Lucknow na Hyderabad, miji ya watawala Waislamu wenye makarani, washairi na mawaziri Wahindu. Maharaja Kishen Pershad, Mhindu, alikuwa waziri mkuu wa Nizam, mtawala wa Hyderabad, kuanzia 1901 hadi 1912, na mashairi aliyatunga kwa Kiurdu.

Hata lile pingamizi la kijana wa Khala si geni. Akbar aliruhusu watu wake wa karibu wamsujudie, na wanazuoni wakachukia, kwa kuwa sijda ni ya Mungu. Mmoja wa wanazuoni hao, Sheikh Ahmad Sirhindi, alifungwa katika ngome ya Gwalior mwaka 1619 chini ya Jahangir, mwana wa Akbar, na wafuasi wake husimulia kwamba alikataa kumsujudia mfalme. Shah Jahan, mwana wa Jahangir, alipotwaa kiti mwaka 1628 akaifuta sijda hiyo.

Na namaste? Hapa madai yanarudi nyuma mno. Mwanaakiolojia B. B. Lal alionyesha kisanamu cha udongo cha Harappa, mji uliostawi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, akasema kimekutanisha viganja kwa namaste. Huenda. Lakini maandishi ya watu wale hayajasomeka mpaka leo, na kisanamu hakisemi kama kinaamkia, kinaomba au kimeshika kitu. Tell Asmar, Iraq, zimefukuliwa sanamu za waabudu wa miaka karibu hiyohiyo, mikono imekutanishwa kifuani, na hakuna anayewaita Wahindu. Upande mwingine Rigveda, kitabu kikongwe kuliko vyote vya Wahindu, humtaja mwenye kuuabudu moto akiwa amenyoosha mikono.

Ushahidi ulio wazi nimeuona Sanchi, karibu na Bhopal. Milango ya mawe ya stupa ya pale, tuta takatifu la Wabuddha, ilichongwa karne ya 1 KK. Wachongaji hawakumchora Buddha kwa umbo la mtu; waliweka mti, kiti kitupu, gurudumu au nyayo. Kuzunguka mti ule wamejaa watu, wanaume na wanawake wenye vilemba na bangili, viganja vimekutana sawasawa na vya muuza tiketi aliyenikaribisha getini. Basi mawe haya yaliyo wazi namna hii ni ya Kibuddha. Wabuddha walikwenda na ishara hiyo hadi Thailand, Kambodia na Japani, ambako bado ipo.

Kalasinga nao hukutanisha viganja. Wakatoliki pia: mwaka 1969 Vatican iliidhinisha mabadiliko 12 ya ibada kwa Kanisa la India, na mojawapo ni kutakiana amani kwa ishara hiyo. Wapo waumini waliolalamika kwamba kanisa linageuzwa hekalu.

Mimi naona kinachofanana katika salamu zote hizi ni cheo, na dini imebandikwa baadaye. Natyashastra, kitabu cha kale cha ngoma na maigizo, kinapanga viganja kwa kimo: kichwani kwa miungu, usoni kwa waheshimiwa, kifuani kwa marafiki. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha Wahindu, zinamtaka mwanafunzi ashike miguu ya mwalimu kwa mikono iliyopishana, wa kulia kwenye mguu wa kulia, wa kushoto kwenye wa kushoto. Kasrini kwa Akbar, salamu iitwayo taslim ilianzia na mgongo wa mkono ardhini, mtu akainuka polepole hadi kiganja kikafika utosini. Dini tofauti, hesabu moja: wewe uko chini yangu kiasi gani? Msomaji aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ndiyo maana walioipinga hesabu hiyo kwa dhati ni wale waliowekwa chini kabisa. Wadalit wengi, waliokuwa wakiitwa wasioguswa, huamkiana "Jai Bhim", kumtukuza B. R. Ambedkar, mwanasheria wa jamii yao aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India. Wapo wasemao wazi kwamba namaste ilimfaa mtu wa tabaka la juu kwa sababu alisalimu bila kugusa.

Kutogusa huko huko kuliipa umaarufu mpya Machi 2020, korona ilipokuwa ikienea Ulaya na Rais Macron wa Ufaransa akampokea mfalme wa Hispania kwa viganja vilivyokutana. Magazeti ya India yalishangilia. Wengine wakaongeza kwamba ncha za vidole zikigusana huamsha akili na moyo. Hilo halina uthibitisho.

Ukipata safari ya huko, usianze kwa kukisia dini ya mtu kutokana na kofia au alama ya kipaji. Acha mwenyeji aanze, mrudishie kama alivyokuamkia, na kwa mwenye mvi inama kidogo zaidi. Mkono wa kushoto usiutumie peke yake.