Bonasi Hununua Gari, Malipo ya Mwezi Hulilisha

Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kabianga hadi Litein na Bomet, wazo la kubadilisha gari la nyumbani hupamba moto bonasi inapokaribia. Mkulima wa KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, hulipwa kwa awamu mbili: malipo ya awali kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha bonasi ya mwaka, ambayo kwa kawaida hutoka karibu na Oktoba. Fedha hizo za mkupuo ndizo zinazoamsha tamaa. Probox iliyobeba mbolea na watoto wa shule miaka yote huanza kutia aibu, na Prado ikaonekana inawezekana. Naona hesabu hiyo imeanzia pabaya. Gari hununuliwa siku moja, lakini hula kila wiki, na kinacholilisha ni malipo ya mwezi.

Tuseme familia husafiri kilomita 1,000 kwa mwezi. Probox ya injini ya lita 1.5 huenda takriban kilomita 15 kwa lita moja ya petroli. Prado ya lita 2.7 huenda karibu 8. Petroli ikiwa shilingi 180, ya kwanza itakunywa shilingi 12,000 na ya pili 22,500. Tofauti ni 10,500. Kilo ya majani mabichi ikilipwa shilingi 23 mwezini, hizo ni zaidi ya kilo 450, na mchumaji bado hajapewa chake. Sijagusa tairi, spea wala bima. Bonasi yenyewe haitabiriki, na kwa miaka mingi viwanda vya upande huu vimelipa chini ya vile vya Mlima Kenya.

Atakayepinga ataanza na barabara, na ana hoja. Kericho hunyeshewa karibu kila mwezi, na udongo mwekundu ukilowa huteleza vibaya. Lakini kwa nyumba nyingi matope ni ile sehemu fupi kati ya lami na lango. Tairi zenye meno mazuri husaidia sana, na zipo Probox zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Ambaye boma lake liko bondeni, mahali ambapo hata lori la majani hukwama, huyo gari la juu ni hitaji lake kweli.

Inabaki heshima. Aliyeamkia shambani miaka 20 ana haki ya kutamani kitu kizuri, na sioni sababu ya kumsimanga. Ila tamaa hiyo isilipiwe kwa karo, wala kwa mkopo wa kuweka rehani kitabu cha gari. Basi ajaribu mapema: kuanzia Julai, mwezi wa baridi ambapo majani huwa machache, aweke kando ile 10,500 kila malipo yanapoingia. Oktoba ikifika na hajaigusa, karo imelipwa na mchumaji hadai, ainunue Prado yake.