KIBONZO, TASHTITI NA KIKARAGOSI

Mara kwa mara wafasiri hutaka kujua neno lifaalo kwa picha inayokuza kasoro za mtawala ili achekwe. Wengine huandika "kikaragosi". Neno hilo lina hatari yake: kwa msomaji wetu, "kikaragosi cha waziri" ni mtu anayechezeshwa na waziri. Hivyo mchoro wa kukosoa hugeuka kuwa jina la kibaraka.

"Katuni" nalo ni pana mno, kwani hujumuisha hata filamu za watoto. Kwa hiyo tunapendekeza "kibonzo cha tashtiti". Kibonzo ni mchoro wenyewe. Tashtiti ni dhihaka yenye lengo la kurekebisha.

Lengo hilo ndilo kiini cha maana. Huko Ufaransa, mwaka 1832, Honoré Daumier alifungwa kwa kumchora mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya raia. Kwetu, wasomaji wa gazeti la Uhuru walivizoea vibonzo kwa Chakubanga wa Christian Gregory. Nalo Azimio lililopitishwa mjini Arusha mwezi Januari 1967 liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Kiongozi wa wakati ule angechorwa ameshika funguo za nyumba kumi, picha isingehitaji maelezo: kipimo kilikwisha kutangazwa hadharani.

Basi, kabla ya kuandika "tashtiti", mfasiri ajiulize: picha hii inampima nani, na kwa kipimo gani? Pasipo kipimo, hilo ni tusi tu, na liitwe tusi.