Wataka kusomea ushauri nasaha? Jiandae kushauriwa kwanza

JE, msomaji, wewe ndiwe yule mtu ambaye kila mwenye shida mtaani humkimbilia? Jirani akigombana na mumewe, ni mlangoni pako anapobisha usiku. Kijana akifukuzwa shule, mamaye huja kwako kabla ya kumwendea chifu. Na kila anayeondoka hukuambia: "Wewe ulizaliwa mshauri. Mbona usiende chuo kikuu ukachukue digrii?"

Iwapo umeanza kulikubali wazo hilo, keti kitako nikusimulie ya dada yangu mkubwa.

Dada ni mwalimu wa shule ya upili. Tangu viboko vipigwe marufuku shuleni mwaka 2001, shule nyingi zimekuwa zikitegemea ushauri nasaha kuwarudi wanafunzi. Dada alikabidhiwa idara hiyo kwa sababu moja tu: wanafunzi walimpenda. Alikuwa na diploma ya ualimu, lakini ya ushauri hakuwa na hata cheti.

Siku moja msichana wa kidato cha pili aliingia ofisini mwake, akakaa nusu saa akilia, kisha akaondoka bila kusema neno. Dada hakujua la kufanya. Usiku huo hakulala. Mwaka uliofuata alijiandikisha kwa shahada ya ushauri nasaha, akawa anasoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Shamba halikuuzwa, lakini ng'ombe mmoja alikwenda.

Neno lililokuja na misiba

Zamani kazi ya kuwatuliza na kuwaelekeza watu ilikuwa ya mashangazi, babu na nyanya. Huko Pwani, mwari alikuwa na somo wake. Hao hawakukuuliza unaonaje. Walikuambia la kufanya, nawe ukalifanya.

Ushauri nasaha wa kisomo ulitufikia wengi wetu pamoja na misiba. Bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi Agosti 7, 1998, watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Walionusurika walihitaji zaidi ya bendeji na dawa. Mwaka uliofuata Ukimwi ukatangazwa kuwa janga la kitaifa, na baadaye vikafunguliwa vituo ambako mtu alipewa ushauri kabla ya kupimwa damu na baada ya kupewa majibu.

Hata hivyo, dada alikwenda chuoni akiamini kwamba angefunzwa kazi ileile ya shangazi, ila kwa maneno ya kisomi. Hapo ndipo alipokosea, na ndipo wengi wanaposomea kozi hii hukosea.

Kunyamaza nako ni somo

Si kwamba vitabu havipo. Mwanafunzi wa digrii hii husoma jinsi binadamu anavyokua tangu utotoni hadi uzeeni, magonjwa ya akili, ndoa na familia, ulevi, majonzi ya kufiwa, maadili ya kazi na utafiti. Hesabu za takwimu zilimtoa dada jasho kuliko jembe.

Kisha kuna nadharia. Atamsoma Sigmund Freud wa Vienna, aliyetafuta mizizi ya matatizo ya mtu mzima katika utoto wake. Atamsoma Mmarekani Aaron Beck, ambaye katika miaka ya 1960 alianza kuonyesha jinsi mawazo potovu yanavyomzamisha mtu katika huzuni. Na atamsoma sana Mmarekani mwingine, Carl Rogers, aliyeishi kati ya 1902 na 1987. Huyu alifundisha kwamba mwenye shida anayo nguvu ya kuitafuta njia yake, mradi apate mtu wa kumsikiliza kwa moyo mweupe bila kumhukumu.

Nadharia hiyo ni rahisi kuandika katika mtihani. Kuitenda ndiyo kazi.

Wanafunzi hufanya mazoezi wakiwa watatu watatu: mmoja ni mshauri, wa pili ni mteja na wa tatu ni mtazamaji. Siku ya kwanza, mwenzake dada alieleza kwamba mumewe hamtumii pesa za matumizi. Kabla hajamaliza, dada alishamwambia ampeleke kwa baba mkwe.

Mhadhiri alisimamisha zoezi. "Mwalimu," akamuuliza, "umemsikia huyu, au umejisikia mwenyewe?"

Darasa lilicheka. Dada hakucheka. Aliniambia kwamba alikuwa ametoa mashauri kwa miaka kumi na mitano, na siku hiyo ndipo alipogundua kwamba hakuwahi kumwacha mtu amalize kusema.

Mganga hajigangi

Wiki ya pili zamu ya kuwa mteja ikamfikia. Waliambiwa walete jambo dogo la kweli, wasitunge. Dada akachagua sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya mama yetu, iliyopotea siku ya mazishi yake.

Alianza kwa mzaha. Mwenzake akamuuliza tu: "Ilikuwa ya kupikia nini?" Basi. Dada alilia hadi kipindi kikaisha.

Msomaji, mama yetu alikuwa amefariki miaka sita kabla ya siku hiyo. Dada, akiwa kifungua mimba, ndiye aliyeongoza kamati ya mazishi. Alihesabu pesa za mchango, akakodi hema, akawapikia wageni na kutunyamazisha sisi wadogo. Sote tulimsifu kwa kuwa jasiri. Hakuna aliyemuuliza iwapo yeye amelia.

Chuo kilimtaka aende kwa mshauri wake mwenyewe, kama mteja mwingine yeyote. Kozi nyingi za aina hii zina sharti hilo, na wanafunzi wengi hulinung'unikia. Wanasema wamekuja kusoma, hawakuja kutibiwa.

Lakini fikiria. Mshauri mwenye kidonda alichokifunika humsikia mteja kupitia kidonda hicho. Aliyefiwa akianza kulia, atamharakisha anyamaze, si kwa faida ya mteja, bali kwa sababu kilio kile kinamchoma yeye. Ndivyo dada alivyotunyamazisha sisi. Na ndivyo, aliniambia, alivyomfanyia yule msichana wa kidato cha pili: alimpa kitambaa na kumwambia ajikaze. Msichana akajikaze, akaondoka na siri yake.

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Chuoni, kinyozi hulazimishwa kunyolewa kabla ya kupewa wembe.

Nyumbani nako moto

Gharama nyingine haimo katika orodha ya karo. Inalipwa na jamaa.

Likizo ya kwanza dada alirudi nyumbani akiwa na maswali ya darasani. Shemeji akisema chai imepoa, dada anamuuliza, "Na hilo linakufanya uhisi vipi?" Shemeji alivumilia siku tatu. Ya nne akamwambia: "Mama watoto, mimi si mteja wako. Nipashie chai."

Wangu mimi ulikuwa uchungu zaidi. Ndoa yangu ilipoyumba nilifunga safari hadi kwa dada, kama nilivyozoea tangu utotoni. Alinisikiliza, akanikumbatia, kisha akaniandikia nambari ya simu ya mtu nisiyemjua. "Mimi ni dada yako," akasema. "Nitalia nawe na kukupikia. Lakini mshauri wako siwezi kuwa."

Nilikasirika. Kwa mwezi mzima sikumpigia simu. Kumbe masomo hayo yote ya kuwasaidia watu yalikuwa ya kuwasaidia wageni?

Nilikuja kuelewa baadaye. Dada anamjua mume wangu, anampenda, na siku hiyo alikuwa na hasira naye. Angewezaje kunisikiliza bila kunivuta upande? Ni kanuni ya kazi hii kwamba mshauri hamshauri nduguye wala rafikiye wa karibu. Na nilipokwenda kwa yule nisiyemjua, nilisema mambo ambayo kwa dada nisingethubutu kuyataja.

Kuna na mzigo wa siri. Anachoambiwa mshauri hakifiki mezani wala kitandani. Siri hiyo ina mipaka, na mteja huelezwa mapema: maisha yakiwa hatarini, au mtoto akidhulumiwa, lazima hatua ichukuliwe. Mengine yote hubaki kifuani, ndiyo maana mshauri naye huwa na msimamizi wa kumpelekea yanayomlemea.

Kabla hujalipa karo

Kama bado una nia, haya ni ya kuzingatia.

Kwa kawaida digrii huhitaji gredi ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Usipoifikisha, usife moyo, maana wengi huanza na cheti au diploma na kupanda ngazi.

Hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tangazo gazetini au bango barabarani si idhini.

Uliza kuhusu mafunzo ya nyanjani: utaketi na wateja kwa saa ngapi, wapi, na nani atakusimamia. Kozi isiyokuwa na jibu la swali hilo itakupa karatasi tu.

Kumbuka pia kwamba kazi hii ina sheria yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, na inamtaka anayeifanya awe amesajiliwa. Siku za kutundika kibao tu nje ya duka zimepita.

Na usidanganywe kuhusu ajira. Wapo wanaofanya kazi hospitalini, kanisani, katika mashirika ya watoto na katika vituo vya waathiriwa wa ulevi. Lakini wengi, kama dada yangu, hurudi kazini kwao palepale, na vipindi vyao vya kufundisha havipunguzwi.

Hatimaye, jiulize maswali matatu. Unaweza kuketi na mtu anayelia bila kumwambia anyamaze? Unaweza kumwona akichagua njia ambayo wewe usingeichagua? Na kuna kilio gani ambacho wewe mwenyewe umekiahirisha?

Dada alihitimu. Sasa ofisini mwake kuna viti viwili vilivyo sawa, na meza ameisogeza ukutani. Yule msichana alikuwa amekwisha kumaliza shule, na dada hakuwahi kujua alikuwa analilia nini. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo. Lakini wengine huja, na siku hizi hawaondoki kimya.

Je, uende ukajiandikishe? Nimejifunza kitu kimoja kwa dada yangu, msomaji. Sitakuambia la kufanya.