Kabla ya Kulipia Seva, Uliza Chipu Zake

Proforma za seva zinazotolewa na wauzaji wa Bujumbura zinafanana sana. Utakuta jina la kampuni na namba ya modeli, kasi ya prosesa, ukubwa wa RAM, idadi ya diski, halafu bei. Mambo mawili ambayo ndiyo yatakayoamua kama mashine hiyo itadumu miaka mitatu au kumi huwa hayamo: kadi ya mtandao ina chipu gani, na diski zinasimamiwa na kidhibiti gani. Mnunuzi haulizi, muuzaji hasemi, na ukweli unajitokeza siku fundi anapoanza kusakinisha Linux, wakati hela imeshatoka.

Nchini kwetu kosa hilo linauma zaidi. Hospitali kadhaa za Burundi zinatunza kumbukumbu za wagonjwa kwa OpenClinic GA, ambayo ni programu huria. Wizara ya Afya inakusanya takwimu zake kwa DHIS2, nayo ni programu huria inayowekwa zaidi kwenye Linux. Vyuo vina seva za barua pepe, za maktaba na za masomo ya mtandaoni. Tumechagua programu huria kwa sababu hatuwezi kulipia leseni kila mwaka, na uchaguzi huo ni sahihi. Lakini programu huria ikiwekwa juu ya vifaa vinavyotegemea draiva zilizofungwa, uhuru wote unaishia mlangoni.

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kukitumia kifaa fulani: kadi ya mtandao, diski, bandari ya USB. Katika Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na zaidi ya nusu ya msimbo wa kerneli ni draiva tupu. Draiva ikishapokelewa humo, inatunzwa na jumuiya nzima. Mtu akibadilisha sehemu nyingine ya kerneli, anatakiwa kuzirekebisha pia draiva zinazoguswa na mabadiliko yake, hata kama aliyeziandika alishaacha kazi zamani. Draiva iliyofungwa haina ulinzi huo. Kampuni inaitengeneza kwa matoleo machache ya Linux iliyoyachagua, na siku ikiacha kuishughulikia, seva yako inabaki imenaswa kwenye mfumo wa zamani usiopata tena viraka vya usalama. FreeBSD na OpenBSD zina draiva zao. OpenBSD hasa, tangu Theo de Raadt alipoianzisha mwaka 1995, imeshikilia msimamo wa kutoingiza draiva zilizofungwa kwenye kerneli yake, kwa hiyo kifaa kinachokubalika huko kina dalili njema ya kudumu.

Sasa tazama mazingira yetu. Vifaa vingi vinashushwa bandari ya Dar es Salaam, vinasafiri kwa lori hadi mpaka wa Kobero, au vinapitia Kigoma na kuvuka ziwa. Kidhibiti cha diski kikiungua Bujumbura, cha kubadilisha nacho kinaweza kuchukua wiki kadhaa, ukiwa umebahatika kupata dola za kukiagiza. Seva nyingi zinazouzwa mjini ni za mtumba, na dhamana yake ilishakwisha kabla hazijafika. Watu wa hapa wananunua Toyota kwa sababu fundi wa kila mtaa anaijua na spea zake zinapatikana. Seva nayo inunuliwe kwa akili hiyo hiyo: chagua chipu ambazo mifumo huria imezizoea, na ambazo spea zake ziko sokoni kwa wingi.

Tuanze na mtandao. Dell PowerEdge R710, iliyotoka mwaka 2009, ni miongoni mwa seva za mtumba zilizoenea sana duniani. Kwenye ubao mama wake kuna bandari nne za mtandao zenye chipu ya Broadcom BCM5709. Draiva yake katika Linux, inayoitwa bnx2, ni ya wazi na imo kwenye kerneli. Hata hivyo chipu hiyo haiwezi kuamka bila fimwea, yaani programu ya ndani ya kifaa chenyewe, na faili la fimwea hiyo halikuwa kwenye diski ya kawaida ya kusakinisha Debian. Fundi anafika hatua ya mtandao, skrini inamdai faili liitwalo bnx2-mips-09-6.2.1b.fw. Faili hilo liko kwenye intaneti, na seva haiwezi kwenda kwenye intaneti mpaka ilipate. Mwenye kompyuta nyingine na modemu analichukua kwa flashi. Aliyeko kituo cha afya cha mkoani, umeme ukiwa wa jenereta, anapoteza siku nzima. Debian walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu fimwea za aina hiyo ziwemo kwenye diski rasmi, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, adha hiyo imepungua sana. Funzo lake linabaki: draiva kuwa wazi ni nusu ya jibu, na lazima uulize pia kama kifaa kinadai fimwea ya pembeni.

Kwa seva mpya au ya mtumba, kadi yenye chipu ya Intel I350 ni chaguo la kuaminika kwa kasi ya gigabiti moja. Linux inaitambua kwa draiva ya igb bila kuomba faili lolote la ziada, na FreeBSD na OpenBSD zinaijua pia. Seva nyingi za HP za Gen8 na Gen9 zina Broadcom BCM5719, ambayo draiva yake tg3 ni ya miaka mingi na imetulia.

Diski ndizo zenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo data ilipo. Kuna seva ndogo zinazotangazwa kuwa na RAID, yaani mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, lakini RAID hiyo kwa kweli inafanywa na draiva, si na kidhibiti. HP MicroServer Gen8 ni mfano. Kidhibiti chake cha B120i kinahitaji draiva iliyofungwa, hpvsa, iliyotolewa kwa matoleo machache tu ya Linux. Ukiweka toleo jingine, mfumo unaziona diski mbili zilizojitenga, ilhali menyu ya kuwashia mashine inakuambia zimeunganishwa kama pacha. Mtu anaweza kuandika data kwenye diski moja kwa miaka akidhani ya pili ina nakala. Dawa yake ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya BIOS, zima RAID hiyo, weka hali ya AHCI, kisha tengeneza RAID kwa mdadm ya Linux yenyewe.

Kwa seva kubwa, RAID ya kidhibiti halisi inafanya kazi vizuri, ila inakufunga kwa namna nyingine. Kikifa, mara nyingi unahitaji kingine cha ukoo ule ule ili kuzisoma diski. Kwa mji ulio mbali na maghala ya spea, ninapendekeza kidhibiti kinachozipitisha diski moja kwa moja hadi kwenye mfumo endeshi bila kuzifunika. Chipu za LSI SAS2308 na SAS3008 zinatumia draiva ya mpt3sas kwenye Linux. Dell HBA330 imejengwa juu ya SAS3008. Ukizipanga diski hizo kwa mdadm au ZFS, mashine ikifa unazichomoa, unazichomeka kwenye seva nyingine ya kampuni yoyote yenye nafasi za kutosha, na data inasomeka.

Tahadhari nyingine ni kwamba draiva kuwemo kwenye kerneli hakumaanishi kila toleo la Linux litaibeba. Red Hat Enterprise Linux 8 (RHEL 8), ya mwaka 2019, iliondoa draiva kadhaa za zamani, ikiwemo mptsas. Hiyo ndiyo draiva ya kidhibiti cha SAS 6/iR kilichofungwa kwenye baadhi ya R710. Ukisakinisha RHEL 8 kwenye mashine hiyo, inakuambia hakuna diski hata moja. Ukiweka Debian kwenye mashine ile ile, diski zote zinaonekana. AlmaLinux, mfumo wa ukoo wa RHEL, nao walirudisha vifaa vingi vya zamani katika toleo la 9.4 la mwaka 2024. Kabla hujaitupa seva kwa kuiona imezeeka, jaribu mfumo mwingine.

Prosesa nazo zimeanza kuwekewa mpaka. RHEL 10, iliyotoka Mei 2025, inadai kiwango cha x86-64-v3, ambacho prosesa za Xeon E5 zilikifikia katika kizazi cha v3, mwaka 2014. Kwa lugha ya sokoni, Dell R720 na HP Gen8 zinazobeba E5 za v1 na v2 zimebaki nje, na Dell R730 na HP Gen9 zinaingia. Debian bado inazipokea zote. Lakini kama bei za makundi hayo mawili zinakaribiana, ongeza kidogo uchukue R730 au Gen9, maana utakuwa umenunua miaka ya mbele.

Haya yote yanaweza kupimwa dukani kabla ya kulipa. Nenda na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Washa seva, fungua terminali, andika lspci -nnk. Kila kifaa kitajitokeza na namba yake ya PCI. Kwa mfano 14e4:1639 ni ile BCM5709 ya Broadcom, na 8086:1521 ni I350 ya Intel. Chini ya kila kifaa kuna mstari unaotaja draiva inayotumika. Kadi ya mtandao au kidhibiti cha diski kisipokuwa na mstari huo, simama hapo hapo uulize. Kisha andika dmesg, utafute mistari inayolalamikia fimwea. Hakikisha na lsblk kwamba diski zote zilizoandikwa kwenye proforma zinaonekana. Muuzaji mkweli hatakunyima muda wa kufanya hivyo.

Usiisahau UPS, yaani betri ya akiba ya seva. Regideso ikikata umeme na mafuta ya jenereta yakiwa ya kubahatisha, UPS isiyozungumza na seva inachelewesha tu kuzimika ovyo. Programu huria ya Network UPS Tools, maarufu kama NUT, inasoma hali ya betri kupitia waya wa USB na kuizima seva kwa utaratibu kabla chaji haijaisha. Ina orodha ya UPS zinazokubaliana nayo. Nyingi zenye USB zinatumia draiva ya usbhid-ups, na nyingi za bei nafuu kutoka Asia zinatumia nutdrv_qx. Linganisha modeli na orodha hiyo, nunua, kisha chomoa UPS ukutani uone kama seva inajizima yenyewe.

Angalia pia sera ya kampuni kuhusu fimwea. Mwaka 2014 HP ilitangaza kwamba masasisho ya BIOS ya seva za ProLiant yatatolewa kwa wenye dhamana au mkataba wa huduma tu. Mwenye seva ya mtumba, asiye na mkataba, anaguswa moja kwa moja. Mdai muuzaji akupe mashine iliyokwisha kusasishwa.

Wanaoandaa zabuni za hospitali, vyuo na ofisi za umma waongeze masharti matatu. Muuzaji ataje chipu ya mtandao na kidhibiti cha diski kwa namba za PCI. Draiva zake ziwe ndani ya kerneli rasmi ya Linux. Seva ijaribiwe mbele ya fundi wa mnunuzi, kwa mfumo utakaotumika, kabla ya malipo ya mwisho. Masharti hayo hayamgharimu mnunuzi hata faranga moja, na muuzaji anayeijua bidhaa yake atayatimiza bila taabu. Asiyeweza kuyatimiza, msimlipe.