Bunduki ya Marisau Yenye Mitutu Miwili: Ipi Yamfaa Mwenye Fedha Kidogo?

Mtu wa Saboti aliyekwisha kuuza mahindi yake Kitale na kulipa karo za watoto, pengine hubakiwa na fedha kidogo na haja ya siku nyingi. Haja ya mmoja ni ng'ombe wa gredi, ya mwingine ni pikipiki, na ya wachache ni bunduki ya marisau ya kupigia ndege, hasa ile ambayo mitutu yake miwili imelazwa mmoja juu ya mwingine. Bunduki ya namna hii husifiwa sana na wapiga shabaha. Zimo ambazo bei yake ingejenga nyumba ya mawe. Zimo za bei nafuu ambazo zitamtumikia mwenyewe na mwanawe baada yake. Tena zimo za bei nafuu ambazo ni hatari kwa yule azishikaye. Tofauti ya hizi mbili za mwisho haijulikani kwa kutazama nakshi zilizochorwa ubavuni.

Kabla ya habari ya bunduki iko habari ya ruhusa, nayo haina budi kutangulia, kwa kuwa wengi huenda dukani kwanza na ofisini baadaye. Katika Kenya haijuzu mtu kununua bunduki pasipo cheti kilichotolewa kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mwombaji huchunguzwa mwenendo wake, naye sharti aeleze sababu ya kuitaka bunduki hiyo. Mwezi wa Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye bunduki wahakikiwe upya, hata wale waliokuwa na vyeti vya miaka mingi. Na katika nchi ya Mlima Elgon, ambako watu hawajasahau mapigano ya miaka 2006 hadi 2008, bunduki isiyo na cheti haitazamwi na mtu yeyote kama kitu cha mchezo.

Cheti cha bunduki, hata hivyo, si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Mei 1977. Ndege waliachwa nje ya marufuku hiyo, wakaendelea kupigwa kwa leseni. Kisha ikaja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo imekaza kamba zaidi, hata kuwinda kwa kutafuta kitoweo imekukataza. Kwa sababu hiyo mwenye kutaka kupiga kanga au kwale aulize kwanza katika ofisi ya KWS, asiulize kwa jirani. Hata tombo, ambao wengi huwaita kware na Waluhya huwaita isindu, wamo katika hesabu hiyo: wafugaji waliposhikwa na homa ya kufuga kware mwaka 2013 na 2014, walitakiwa leseni ya KWS kwa ndege waliokaa kizimbani. Kuna wenye bunduki hizi nchini wanaozitumia kupiga visahani vya udongo virushwavyo hewani na mtambo, na wengine huwinda kwa vibali katika nchi jirani. Tanzania iliufunga uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena 1978, na Uganda iliurudisha kwa majaribio mwaka 2001. Mwenye kuvuka mpaka na bunduki yake ahakikishe kwamba ana karatasi za nchi zote mbili.

Sasa bunduki yenyewe. Mafundi wa London walikuwa wakitengeneza bunduki za mitutu iliyopandana tangu mwanzo wa karne ya ishirini, lakini zilikuwa mali ya matajiri tu. Aliyejaribu kuifikisha bunduki hiyo kwa mtu wa kawaida alikuwa John Moses Browning wa Marekani. Alifariki kiwandani Liège, katika nchi ya Ubelgiji, mwaka 1926, nayo bunduki yake ikaanza kuuzwa miaka michache baadaye. Tangu hapo bei imezidi kushuka, kwa sababu mashine zimeshika kazi iliyokuwa ya tupa na mikono. Leo bunduki za bei ya kadiri hutoka katika bonde la Gardone huko Italia, katika kijiji cha Huğlu huko Uturuki, na katika mji wa Izhevsk huko Urusi. Zile za Izhevsk ni nzito na hazina uzuri wa kutazamwa, lakini zina sifa ya kuvumilia.

Faida ya mitutu kupandana ni kwamba jicho hutazama juu ya mstari mmoja mwembamba, wala halitazami upana wa mitutu miwili. Tena mtutu wa chini, ambao kwa kawaida ndio hupigwa kwanza, umekaa karibu na usawa wa bega. Bunduki hurudi nyuma moja kwa moja wala hairuki juu sana, na mpigaji huwa tayari kwa ndege wa pili. Ubaya wake ni kwamba sharti ikunjuliwe sana ndipo risasi iingie katika mtutu wa chini. Lakini iliyokunjuliwa huonekana na kila mtu kuwa haina kitu ndani, na hilo, watu wanapovuka seng'enge au mfereji pamoja, lina thamani kuliko nakshi zote.

Juu ya kipimo cha mtutu watu hubishana bila haja. Kipimo cha 12 maana yake ni kwamba vidonge 12 vya risasi vyenye upana wa mtutu huo vina uzito wa ratili moja. Kwa kipimo cha 20 huhitajiwa vidonge 20, kwa hiyo mtutu wake ni mwembamba. Bunduki ya 20 ni nyepesi, nayo humfaa mtu wa mwili mdogo. Walakini mwenye fedha kidogo achague ya 12, kwa kuwa bunduki hununuliwa mara moja na risasi hununuliwa siku zote, na risasi za 12 ndizo zipatikanazo kwa urahisi. Kwa kanga, ambaye ana manyoya magumu, hutumiwa marisau ya namba 5 au 6. Kwa kwale namba 6 au 7. Kwa tombo namba 8.

Midomo ya mitutu hubanwa kidogo ili marisau yasitawanyike upesi. Mtutu uliobanwa kidogo hufaa kwa ndege wa karibu, na uliobanwa zaidi kwa wa mbali. Bunduki za siku hizi huja na vipande vya kubadili mbano huo, lakini mtu asilipe fedha nyingi kwa ajili yake. Ndege aliye zaidi ya yadi 40 aachwe aende zake.

Mahali pa kuokoa fedha ni katika bunduki iliyokwisha kutumika, na hapo ndipo macho yafunguliwe. Mnunuzi aikunjue, ahakikishe kwamba haina risasi, kisha aelekeze mitutu kwenye mwanga wa dirisha na kutazama ndani. Ndani yang'ae kama kioo. Vishimo vidogo vyeusi ni kutu iliyokula chuma. Na ukionekana mviringo wa kivuli kama pete, mtutu umevimba, bunduki hiyo na irudishwe kwa mwenyewe. Aondoe mti wa mbele ushikwao kwa mkono wa kushoto, aifunge bunduki, kisha aitikise akiwa ameishika kitakoni: ikitoa mlio wa chuma kugonga chuma, bawaba imelika. Autazame na wenzo wa juu, ule usukumwao kwa kidole gumba. Katika bunduki mpya wenzo huo ukifungwa husimama kidogo upande wa kuume. Ukiwa umepita katikati kwenda kushoto, bunduki imechoka. Atafute pia alama za kupimwa, ambazo hupigwa kwenye chuma baada ya mitutu kujaribiwa kwa baruti kali kupita kiasi cha kawaida. Nyumba ya kupimia ya Birmingham ilianza kazi hiyo mwaka 1813, na nchi nyingine zenye viwanda vya bunduki zina zake. Isiyo na alama hizo isinunuliwe hata kwa bei ya jembe.

Ikipita mitihani hiyo, iko haja ya kujua kama inamkaa mnunuzi. Afumbe macho, aipandishe begani kama apigaye, kisha afumbue. Jicho likiuona mstari wa juu ya mtutu umelala sawa hadi ncha, vema. Likiona chuma cha nyuma tu, kitako kiko chini mno. Likiuona mtutu wote kama barabara ipandayo mlima, kiko juu mno. Kitako kirefu hupunguzwa na fundi kwa gharama ndogo. Mtu aliyenunua bunduki nzuri isiyomkaa atapiga nyuma ya ndege mwaka mzima na kuilaumu risasi.

Limebaki jambo moja, nalo limewaondolea watu vidole. Chumba cha risasi kina urefu wake, ulioandikwa ubavuni mwa mtutu: milimita 65 katika bunduki nyingi za zamani za Uingereza, 70 au 76 katika za sasa. Risasi ndefu huweza kuingia katika chumba kifupi na bunduki ikafungika vizuri, lakini ganda lake halina nafasi ya kukunjuka, na nguvu ya baruti huzidi kiasi. Mbaya zaidi ni kuchanganya vipimo. Risasi ya 20 ikitiwa katika bunduki ya 12 huteleza ndani na kukwama mbele ya chumba, isionekane. Mpigaji huvuta, haisikii. Hudhani alisahau kuijaza, akatia ya 12 nyuma yake, akavuta tena. Mtutu hupasuka palepale mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo sababu viwanda vingi hufanya maganda ya 20 kuwa ya rangi ya manjano. Mwenye bunduki za vipimo viwili nyumbani atoe risasi zote mifukoni kila arudipo, na bunduki isipolia, aikunjue na kutazama mtutu mzima kwa mwanga kabla ya kutia risasi nyingine.