Kutoka Majalada ya Pamoja hadi Jukwaa la Ushirikiano: Kuhamisha Kumbukumbu za Idara

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi idara ya chuo kikuu inavyoweza kujiandaa kuhamisha kumbukumbu zake kutoka seva ya ofisini, ambamo kila mmoja hufungua majalada yale yale kwa kompyuta yake, hadi jukwaa la ushirikiano, yaani mahali ambapo watu kadhaa husoma, huandika na kusahihisha andiko moja kwa wakati mmoja, hata wakiwa mbali na ofisi. Mara nyingi kazi hii huachiwa fundi wa kompyuta peke yake. Sisi tunaona kwamba hilo ni kosa. Fundi anajua kunakili. Lakini hajui ni lipi kati ya mafaili matatu yanayoitwa "Tasnifu ya mwisho" ndilo lililotetewa mbele ya jopo.

1. Kushirikisha na kushirikiana

Lugha yetu yenyewe inatupa mwanga. Katika kitenzi shiriki, kiambishi -ish- huleta maana ya kusababisha: anayeshirikisha ana kitu chake, naye huwafungulia wengine mlango. Kiambishi -an- huleta utendano: wanaoshirikiana hutenda pamoja. Seva ya ofisi ni chombo cha kushirikisha. Mhadhiri akilifungua andiko, mwenzake anayelifungua baadaye huambiwa kwamba linatumika, aridhike kulisoma tu. Naye, kwa kuwa ana haraka, huhifadhi nakala yake pembeni kwa jina jipya. Hivyo ndivyo mafaili matatu yanavyozaliwa.

Jukwaa kama SharePoint, lililotolewa mwaka 2001, au Google Drive, lililoanza 2012, hutunza faili moja pamoja na historia ya matoleo yake, hata mtu aweza kurudi nyuma kuona kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Lakini ukilipelekea mafaili matatu, litayapokea yote matatu kwa heshima sawa. Kuchagua lililo asili ni kazi ya wanaidara, tena ifanywe kabla ya kuhama. Baadaye hakuna atakayeirudia.

2. Kuhesabu kabla ya kubeba

Hatua ya kwanza ni kuandika orodha: kuna nini katika seva, kina ukubwa gani, kiliguswa lini kwa mara ya mwisho, na nani anakijua. Katika idara ya Kiswahili maandishi si mzigo mkubwa. Mzigo ni sauti. Saa moja ya rekodi isiyobanwa, yenye njia mbili, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 635. Saa 100 za masimulizi yaliyokusanywa vijijini ni gigabaiti 63.5. Ikiwa intaneti ya chuo hupakia kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, rekodi hizo zitahitaji karibu saa 71, yaani siku tatu usiku na mchana bila umeme kukatika hata mara moja. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu anajua matumaini hayo yana thamani gani.

Kwa hiyo programu ya kuhamishia iwe ile inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, na kazi igawanywe katika mafungu, kila fungu likihakikiwa kabla ya kuanza jingine. Tena si lazima kila kitu kipande hadi nchi za mbali. Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016, ni programu huria ambayo chuo chaweza kuiweka katika seva yake chenyewe, ndani ya jengo. Intaneti ikikatika, walio chuoni huendelea kufanya kazi kupitia mtandao wa ndani. Kwa idara yenye rekodi nyingi na intaneti haba, sisi tungeanzia hapo, mradi awepo mtu wa kuitunza na kuweka nakala za akiba mahali pengine.

Rekodi zenyewe zihamishwe pamoja na tarehe zake. Anayeburuta mafaili kwa mkono hadi kwenye jukwaa huenda akakuta yote yana tarehe ya leo, na mtafiti aliyetegemea tarehe hiyo kujua siku ya mahojiano atakuwa ameipoteza. Zipo programu za kuhamishia zinazohifadhi tarehe. Zijaribiwe kwanza kwa jalada moja dogo.

3. Majina

Juu ya majina hatutakawia. SharePoint hukataa alama kadhaa katika jina la faili, kwa mfano alama ya kuuliza, nyota na nukta mbili, Windows nayo huzikataa, lakini kompyuta za Macintosh huruhusu baadhi yake, na kwa sababu hiyo faili liitwalo "Fasihi ni nini?" litabaki nyuma. Njia nzima, kuanzia jina la tovuti hadi jina la faili, isizidi herufi 400. Waliozoea kutia jalada ndani ya jalada mara kumi watashangaa jinsi kikomo hicho kinavyofikiwa upesi. Majedwali ya Excel yanayovuta tarakimu kutoka majedwali mengine kwa njia ya zamani ya seva nayo yatapoteza uhusiano huo, na kwa kawaida hugunduliwa wakati wa kujumlisha alama.

4. Mwenye mali ni nani?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Katika seva, faili ni la idara kwa sababu limo ndani ya jalada la idara. Katika jukwaa kuna nyumba mbili: hifadhi ya mtu binafsi na hifadhi ya kundi. Hifadhi ya binafsi ni rahisi zaidi kutumia, kwa hiyo wengi huweka humo kila kitu, kisha huwatumia wenzao kiungo. Kila kitu huonekana sawa mpaka mtu huyo aondoke. Katika OneDrive, akaunti ya aliyeondoka ikifutwa, mafaili yake hutunzwa siku 30 tu, wasimamizi wasipoweka muda mwingine. Msaidizi anapokwenda ng'ambo kusoma, au mzee wetu anapostaafu, nani chuoni ataikumbuka siku ya thelathini? Kamusi ndogo iliyotungwa kwa miaka kumi yaweza kupotea hivyo pasipo mtu kukosea. Kwa sababu hiyo mpango uandike waziwazi kwamba rekodi, tasnifu, mihutasari na alama hukaa katika hifadhi ya kundi, na kila hifadhi iwe na wasimamizi wawili, si mmoja.

Upande wa pili ni siri. Katika seva nyingi haki za kuingia zimerundikana kwa miaka, na pengine aliyekuwa mwanafunzi mwaka 2015 bado anaweza kufungua jalada la mitihani. Kuzihamisha haki hizo kama zilivyo ni kuhamisha uvujaji. Ni afadhali kutenga hifadhi tatu au nne kwa kufuata wasomaji wake (walimu, ofisi ya katibu, jopo la mitihani, wanafunzi) kuliko kuwa na moja kubwa yenye vighairi mia. Viungo vinavyomfungulia yeyote avipataye vizimwe kabisa kwa alama na barua za wanafunzi. Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, iliyoweka Kanuni ya Kidijitali nchini mwetu, inahusu pia ulinzi wa habari za watu binafsi, na alama za mwanafunzi ni habari zake.

5. Siku ya kuhama

Isichaguliwe wakati wa mitihani. Jumamosi baada ya baraza la kutangaza matokeo yafaa. Seva ya zamani ifungwe kwa maandishi ili isomeke tu; isizimwe. La sivyo, katibu atasahihisha ratiba katika seva na mkuu wa idara ataisahihisha katika jukwaa, na wanafunzi watakwenda kwenye vyumba viwili. Tungependekeza ibaki hivyo muhula mmoja mzima. Kuna vitu ambavyo haviwezi kuhama hata kidogo, kama vile hazina ya vitabu iliyotengenezwa kwa programu ya Access na kufunguliwa na watu kadhaa pamoja. Hivyo vibaki palepale, na jina la mtu atakayevijenga upya liandikwe katika mpango pamoja na tarehe.