Kwa Nini Volti Hazionyeshi Chaji Iliyobaki

Fundi sola wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, Malawi, akinunua betri ya lithiamu Old Town mjini Lilongwe, huipima kwa multimita kama alivyozoea kuzipima zile za asidi. Hapo hesabu humchanganya. Betri inaonyesha volti 13 na kitu ikikaribia kujaa, inaonyesha 13 na kitu ikifika nusu, kisha usiku inazima ghafla na mteja anamlaumu yeye.

Fundi hana kosa. Betri nyingi za sola za aina hii hutumia LiFePO4, yaani lithiamu, chuma na fosfeti, ambayo John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas waliitangaza mwaka 1997 kuwa kathodi, yaani upande chanya wa betri. Unapochaji, lithiamu hutoka kwenye kathodi. Ungetarajia ipungue sawasawa kila mahali, lakini sivyo: kathodi hugawanyika sehemu mbili, moja imejaa lithiamu, nyingine karibu tupu. Kuendelea kuchaji hupanua ile tupu na kuipunguza iliyojaa, bila kubadili asili ya yoyote. Ndiyo maana volti hazisogei, kama maji yenye barafu yanavyobaki nyuzi 0 hadi kipande cha mwisho kiyeyuke. Unapotumia umeme, sehemu tupu ikiisha, volti huporomoka.

Tunajuaje? Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa sumaku. Kila atomu ya chuma penye lithiamu ina elektroni 4 zisizo na wenza. Lithiamu ikitoka, huwa 5, na kila moja ni kisumaku kidogo. Kwenye baridi kali visumaku hivyo hujipanga vikielekeana kinyume: katika sehemu iliyojaa, karibu nyuzi 220 chini ya sifuri, katika ile tupu, karibu 150 chini ya sifuri. Kathodi iliyochajiwa nusu huonyesha alama ya kujipanga huko kwenye nyuzi zote mbili, wala si moja ya katikati. Goodenough, aliyepata Nobel mwaka 2019, alikuwa mtaalamu wa usumaku tangu miaka ya 1950.

Kwa hiyo, fundi, usimwahidi mteja saa za umeme kwa kusoma volti. Mfungie kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, na betri ijazwe kabisa mara kwa mara ili hesabu ianze upya.